Chaki Iliyokataa Kutoka

Maabara nzima ilimwita Macho, na yeye jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwa haki. Kila kichupa cha damu kilipotoka kwenye mashine ya kuzungusha, ile damu nzito ikiwa imekaa chini na maji yake, yaani seramu, yameelea juu, Macho alikinyanyua mpaka dirishani, akafumba jicho moja, akakitazama. Seramu ya mtu mwenye afya ina rangi ya nyasi kavu. Ikiwa nyekundu, damu imevunjika na aliyeichukua atafutwe aichukue tena. Ikiwa nyeupe kama maziwa, mwenye damu ana mafuta mengi, na hapo ndipo Macho alipokuwa hataki mzaha na mtu.

Maana mafuta yanaidanganya mashine. Ile mashine kubwa ya katikati ya chumba, inayong'aa na kunguruma kama ina ugomvi na watu, hupima chumvi ya damu kwa kumeza tone la seramu na kulichanganya na maji yake yenyewe. Tena imeshajiaminisha kwamba tone lile ni maji karibu lote. Sasa mafuta yakijaa humo, yanakula nafasi ya maji, na chumvi inakaa kwenye maji, haikai kwenye mafuta. Mashine inahesabu tone zima, inakuta chumvi kidogo, inatoa namba ndogo bila haya. Ndiyo sababu Macho alibuni utaratibu wa pale. Seramu yenye maziwa haipimwi chumvi kwenye mashine kubwa. Inapandishwa ghorofani, chumba cha wagonjwa mahututi, ambako kuna mashine ndogo isiyochanganya kitu na chochote. Aliandika kwa kalamu nene, akabandika ukutani: TAZAMA KWANZA. MAZIWA KWA MASHINE NDOGO. Kila mgeni wa maabara alifundishwa maneno hayo kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Wiki hiyo, kati ya vichupa vyote, kulikuwa na kimoja alichokishika kwa mikono miwili. Kilikuwa cha baba mkwe wake, fundi cherehani, mzee mwembamba mwenye utani mwingi. Alikuwa amelazwa wodi ya wanaume siku nne zilizopita, njano kuanzia machoni mpaka kwenye kucha, baada ya kujikuna miezi miwili huku akisingizia vumbi la vitambaa. Picha ilionyesha jiwe limekwama kwenye mrija wa nyongo, na kwa kuwa nyongo ilikosa pa kupita, ilikuwa inarudi kwenye damu. Jambo lenyewe lilikuwa na dawa: mrija uzibuliwe, nyongo ishuke, mzee arudi kwenye cherehani yake.

Kilichokwamisha kila kitu ni chumvi. Siku ya kwanza mashine kubwa ilisoma mia na kumi na nane, na mtu mzima hatakiwi kushuka chini ya mia na thelathini na tano. Siku ya pili, mia na kumi na sita. Mtaalamu wa kulaza watu usingizi akasema yeye hamgusi mgonjwa mwenye namba hiyo. Daktari wa wodi akaamuru mzee apunguziwe maji mpaka vikombe viwili kwa siku, ili chumvi iliyobaki mwilini isizidi kuzimuliwa. Asubuhi ya siku ya nne namba ilikuwa mia na kumi na tano. Zote zilitoka na saini ya Macho.

Na wala hakutia saini kwa uvivu. Kila asubuhi alikipeleka kichupa cha mzee dirishani, akakitazama mara mbili kwa sababu ni cha mzee wake. Seramu ilikuwa njano iliyokolea, ya nyongo, lakini safi kabisa. Ungeweza kukishika mbele ya gazeti ukasoma habari zote. Hakuna maziwa. Akatia saini kwa roho nzito, akarudi kwenye kazi.

Siku hiyo ya nne, saa sita mchana, alivua glavu akaenda kumsalimia. Alimkuta wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, amekaa kwenye stuli kando ya kitanda kama askari wa lindo. Jagi la maji alikuwa amelisukuma kwa mguu mpaka chini kabisa ya kitanda, mzee asilione. Wifi huyu alikuwa na sifa moja inayojulikana ukoo mzima: hakuna habari aliyoisimulia bila kuitia chumvi. Mvua ikinyesha yeye ameona mafuriko, paka akipita yeye ameona chui. Lakini siku hizo nne alikuwa amepungukiwa na maneno, na hilo lilimtisha Macho kuliko namba.

Mzee alipomwona mkwe wake alivuta shuka mpaka kifuani, akajiweka sawa. Heshima yake ilikuwa ya kizamani. Hata lile koti jeupe la kazi alilovaa Macho, mzee ndiye aliyelishona, na alilishona bila kumwekea futi mwilini, kwa sababu haikumwingia akilini baba mkwe amzungushie mkwe wake utepe. Alimtazama tu kutoka upande wa pili wa chumba, akasema inatosha, jicho lake halijawahi kukosea. Koti lilikuja zuri, la mifuko mikubwa, ila mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kwa inchi nzima. Macho hakusema neno. Nani anamwambia baba mkwe maneno kama hayo? Alikunja mikono yote miwili mpaka karibu na kiwiko, ikalingana, na miaka mitatu sasa alikuwa anatembea nayo hivyo.

"Karibu, mkwe," mzee alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, na ulimi ulimkwama kidogo kwenye neno la pili. Hakuomba maji. Kwa binti yake alikuwa ameomba mpaka wakagombana, lakini kwa mkwe, hapana, afe kwanza.

Daktari wa wodi akawakuta hapo. Alikuwa kijana mwenye adabu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na aliwaeleza bila kuwaficha. Kumnyima maji hakujasaidia, namba inazidi kushuka, na ikiendelea hivyo mzee ataingia kwenye degedege. Kwa hiyo saa nane kamili atamwekea dripu ya chumvi kali kwenye mshipa wa shingo, taratibu, huku wakimchunga. Wifi akashika kichwa. Mzee akamtazama daktari kwa utulivu.

"Daktari, nimemlea binti anayetia chumvi kila neno," alisema. "Nyingine tena ya nini?"

Daktari alicheka bila kutaka. Mzee naye akaona ameshapata nafasi, akamwambia kwamba koti lake hilo bega la kulia limeshuka nusu inchi, na kosa si la kitambaa, ni la aliyekata. Daktari akageuka kujitazama kwenye kioo cha dirisha, akavuta bega huku na huku, akakuta kweli. Akaondoka akijishika bega.

Macho naye alicheka, lakini kicheko kikamkwama katikati. Alikuwa ameona watu wenye mia na kumi na tano. Watu hao hutapika, huongea visivyoeleweka, humwita muuguzi kwa jina la marehemu mama yao. Na huyu hapa amelala kitandani, anampima mtu mgeni bega kwa macho, mpaka nusu inchi. Akili gani iliyolegea inaweza kufanya hivyo?

Alikuwa bado anajiuliza wakati wifi, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kuituliza mikono, alipochukua kitambaa chenye maji akaanza kumsugua mzee viganja.

"Nimechoka na baba yako mkwe," alilalamika. "Siku nne namsugua, chaki yake ya kukatia nguo imekataa kutoka. Kaishi na chaki mpaka imemwingia."

Macho akainama kutazama. Kwenye mistari ya viganja vya mzee, ile mistari mikubwa inayokunjika mtu akifumba ngumi, kulikuwa na michirizi ya rangi ya njano iliyofifia. Kweli ilifanana na chaki ya fundi. Kila mtu aliyemjua mzee angesema ni chaki, na labda wauguzi wote wa zamu zote walishasema hivyo wakapita. Macho akaomba ruhusa kwa sauti ndogo, akamshika baba mkwe mkono kwa mara ya kwanza maishani mwake nje ya salamu, akapitisha ukucha juu ya mstari. Ile michirizi haikukwanguka. Ilikuwa imevimba kidogo, laini, na ilikuwa chini ya ngozi.

"Wifi, acha kumsugua," alisema. "Hii siyo chaki. Ni mafuta."

Moyo ulimwenda mbio ghafla, kama mtu aliyeshuka ngazi akakuta daraja moja halipo. Mafuta yaliyojaa kwenye damu mpaka yakakosa pa kukaa, yakajipenyeza kwenye viganja! Lakini seramu ilikuwa safi. Aliitazama mwenyewe, kwa macho haya haya, siku nne mfululizo. Alitoka wodini bila kuaga, na kwenye korido alikuwa anatembea haraka tu, kwenye kona akawa anakimbia.

Kule maabara alikitoa kichupa cha asubuhi kwenye jokofu. Akakiinua dirishani. Safi, kinang'aa, hakina hata wingu. Akakiweka kwenye mashine kupima kolesteroli, kipimo ambacho hakuna aliyewahi kukiomba kwa mgonjwa huyu, kwa sababu nani anauliza habari za kolesteroli kwa mtu mwenye jiwe kwenye nyongo? Mashine ikafikiri, ikajibu kwamba kiwango kiko nje ya uwezo wake. Macho akaizimua seramu mara kumi, akarudia. Safari hii namba ilikuja, akaizidisha kwa kumi kichwani, kisha kwenye karatasi kwa kuwa hakukiamini kichwa. Thelathini na nane. Mtu wa kawaida hatakiwi kuzidi tano.

Hapo alikaa chini. Somo zima lilimrudia kutoka chuoni, na mwalimu wake aliyekuwa anaongea kwa kunong'ona mpaka darasa likasinzia. Nyongo ikiziba muda mrefu, mwalimu alisema, ini hutupa kwenye damu aina ya mafuta ya kigeni, na mafuta hayo hayana weupe. Yanajaa na hayaonekani. Macho alilijibu swali la somo hilo kwenye mtihani akapata alama zote, akalisahau siku iliyofuata, kisha akaja kubandika ukutani karatasi inayofundisha watu kwamba mafuta ni maziwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini juu ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine kinachochemka, furaha ya kweli kabisa, karibu apige kelele, kwa sababu kama hili ni kweli basi mzee haumwi chumvi hata kidogo.

Na kama ni kweli, saa nane wanamtilia chumvi kali mtu mwenye chumvi yake kamili. Ubongo wa mtu hausamehe jambo kama hilo. Saa ya ukutani ilisema saba na dakika thelathini na tano.

Alipanda ngazi mbili mbili mpaka chumba cha wagonjwa mahututi. Muuguzi mkuu wa pale aliilinda mashine ndogo kama mboni ya jicho, na kawaida alidai fomu mbili na maelezo kabla mtu hajaigusa. Alimtazama Macho usoni, akasogea pembeni bila kuuliza. Macho akaingiza seramu iliyobaki. Mashine ikavuta, ikanyamaza, ikatema karatasi nyembamba.

Mia na arobaini na sita.

Mzee hakuwa amepungukiwa na chumvi. Mzee alikuwa na kiu tu.

Alipiga simu wodini. Ikalia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena huku anashuka ngazi, karatasi imebanwa kwenye meno, akakata, akaona miguu itafika mapema kuliko simu. Alipofika, pazia la kitanda lilikuwa limevutwa. Nyuma yake mfuko wa dripu ulikuwa umeshatundikwa, trei imefunuliwa, mzee amegeuziwa uso ukutani ili shingo ipatikane, na daktari yuko katikati ya kuvaa glavu ya pili. Wifi alikuwa amesimama miguuni, amefumba macho, anaomba.

"Daktari, usianze," Macho alisema, na pumzi zilimwishia hapo. "Ile mia na kumi na tano si kweli. Niliitia saini mimi, na nimekosea."

Daktari alizisoma karatasi zote mbili, ya mashine kubwa iliyokuwa kwenye faili na ya ndogo. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwa mjinga pia. Aliuliza kwa upole ni nani aliyeipima hii ya pili, akajibiwa ni Macho. Akauliza tena kwa upole zaidi kama si kweli kwamba mgonjwa ni baba mkwe wake, na kama mkwe anayempenda mzee wake hawezi kuipenda mno namba moja kuliko nyingine. Wifi akafumbua macho.

Macho hakukasirika. Angekuwa yeye, angeuliza hivyo hivyo.

"Chukua damu mwenyewe," alimwambia. "Ipeleke mwenyewe, uiweke mwenyewe. Mimi sitagusa kitu."

Wakapanda pamoja, daktari na bomba lake la damu mkononi, Macho nyuma yake mikono amekunja mgongoni kama mtuhumiwa. Mashine ndogo ilihitaji dakika moja na nusu, na dakika hiyo na nusu haikuwa na haraka na mtu. Macho alihesabu vigae vya sakafuni. Aliwaza kwamba labda ile seramu ya asubuhi iliharibika kwenye jokofu. Aliwaza kwamba labda alikosea kuzidisha, na kwamba akikosea mara ya pili mbele ya daktari huyu, jina la Macho litabaki la kuchekwa. Aliwaza shingo ya mzee ilivyokuwa nyembamba. Karatasi ikatoka, daktari akaikata, akaisoma kwa sauti.

"Mia na arobaini na saba."

Kisha akaegemea ukuta, akauliza inawezekanaje. Macho akamweleza kama ambavyo angemweleza jirani. Chukua kopo la mchele, alisema, mchele uliochanganyika na kokoto. Kopo limejaa, lakini mchele si kopo zima, kokoto zimekaa mahali pake. Mashine kubwa inapima kopo, inadhani lote ni mchele. Hii ndogo inatazama mchele peke yake. Na kokoto za mzee hazina rangi, ndiyo maana hakuna aliyeziona, hata mtu aliyepewa jina kwa ajili ya kuona.

Daktari alitingisha kichwa, akacheka, halafu kicheko kikamtoka usoni. Aliuliza ni wagonjwa wangapi wengine wa manjano waliopimwa kwenye mashine kubwa. Swali hilo lilikuwa limeshamchoma Macho tangu kwenye ngazi. Alisema hajui, ila atapekua daftari la mwaka mzima kuanzia jioni hiyo, na karatasi ya ukutani ataichana kwa mkono wake na kuandika nyingine: njano ya nyongo nayo ni ya mashine ndogo, hata ikiwa safi namna gani. Daktari akampa mkono. Waliporudi wodini alishusha mfuko wa chumvi yeye mwenyewe, akamwambia muuguzi ampigie mtaalamu wa usingizi, mrija uzibuliwe kesho asubuhi.

"Na maji?" wifi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, haina hata chembe ya chumvi.

"Mpeni," daktari alisema. "Anywe anavyotaka."

Wifi alipiga magoti kulitafuta jagi chini ya kitanda, lakini Macho aliliwahi. Alijaza kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akapiga goti moja pale kando, na hakumpa kwanza. Ilibidi aseme, la sivyo asingeweza kusema tena milele.

"Baba, ile namba ilikuwa yangu. Siku zote hizi umenyimwa maji kwa sababu ya macho yangu. Nisamehe."

Mzee alichukua kikombe, akanywa. Alikunywa polepole mwanzoni, kisha maji yakaishinda heshima yake, yakamchuruzika kidevuni mpaka kwenye shuka, koo likipanda na kushuka, macho amefumba. Wifi alilia waziwazi, akisema amemwona baba yake anarudi kutoka kaburini, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeona kwamba ametia chumvi. Mzee alimaliza, akapumua, akamtazama mkwe wake kwa muda mrefu, kuanzia mabegani mpaka mikononi.

"Kunjua hiyo mikono ya koti," alisema.

Macho hakuelewa.

"Ikunjue. Wa kushoto ni mfupi kwa inchi moja. Nimejua tangu siku ya kwanza ulipolivaa, nilipoona umekunja yote miwili."

"Mbona hukusema, baba?"

"Ningesemaje, na mimi ndiye niliyesema jicho langu halikosei?" Mzee alimrudishia kikombe. "Nikitoka hapa utaniletea nilitengeneze. Na utepe uje nao, atakupima wifi yako. Sasa niongeze maji."

Macho akakunjua mikono ya koti. Wa kulia ulimfika kwenye kifundo cha mkono, wa kushoto ukaishia juu ya saa yake ya mkononi, na akaiacha hivyo hivyo, mbele za watu wote wa wodi. Akajaza kikombe mpaka kikamwagika.